Usihangaike na Triga, Tafuta Sharti Lililozizaa

Kijana mmoja wa Iringa ameniandikia akiomba nimwonyeshe namna ya kufuta triga, yaani vichocheo vinavyojiendesha vyenyewe taarifa inapoingizwa, kubadilishwa au kufutwa, zenye majina kama RI_ConstraintTrigger_a na RI_ConstraintTrigger_c, ambazo zinamkatalia kufuta taarifa kwenye kanzidata yake ya PostgreSQL, programu ya kutunza taarifa kwenye majedwali. Namjibu hapa hadharani, kwa kuwa najua wengi wenu mnataka kufikia hatua ya kukabidhiwa kanzidata za watu, na jambo hili mimi nimelishughulikia mwenyewe Kyela, kwenye chama cha ushirika cha wakulima wa kakao.

Jedwali la mapokezi lilikuwa na masharti mawili ya ufunguo wa nje, yaani kanuni inayodai kwamba namba inayoandikwa kwenye jedwali moja iwe tayari ipo kwenye jedwali jingine, juu ya safu moja ya namba ya mkulima: moja likielekea jedwali jipya la wakulima, jingine likielekea jedwali la mfumo wa zamani ambalo hakuna aliyeligusa tena. Gunia likiwa juu ya mizani, karani akiingiza kilo za mwanachama mpya, kanzidata ilikataa kwa kuwa namba yake haikuwemo kwenye lile jedwali la zamani, na mkulima akaondoka na kikaratasi cha daftari badala ya risiti.

Mtaalamu aliyeitwa kabla yangu alijaribu DROP TRIGGER, akajibiwa kwamba triga haiwezi kuondolewa kwa sababu kuna sharti linaloihitaji. Jibu lilikuwa mbele ya macho yake, lakini yeye akazima triga zote kwa DISABLE TRIGGER ALL, na kuanzia hapo zikaingia kilo zenye namba za wakulima wasiokuwepo. Malipo yalipofika, watu walidai jasho lao na mwenye kilo hakujulikana. Kikaoni alishukuriwa yeye, mimi nikatajwa kama fundi wa kompyuta tu, na sioni sababu ya kuficha kwamba liliniuma.

Kila sharti la ufunguo wa nje huzaa triga nne: mbili kwenye jedwali linalorejelea na mbili kwenye jedwali linalorejelewa. Ukiondoa sharti, zote nne huondoka nalo. Kwa hiyo uliza pg_constraint, orodha ya masharti ndani ya PostgreSQL, ukisoma conname (jina la sharti) pamoja na confrelid (jedwali linalorejelewa), wala usihukumu kwa jina peke yake. Pale Kyela wote waliamini kwamba mapokezi_namba_mkulima_fkey1 ndilo la ziada kwa sababu ya ile 1 ya mwisho, kumbe PostgreSQL huongeza tarakimu kwa sharti linalokuja baadaye, na la zamani ndilo lililokuwa halina tarakimu. Nilifungua muamala, yaani kundi la amri ambalo halithibitishwi hadi uandike COMMIT, kwa BEGIN, nikaandika ALTER TABLE mapokezi DROP CONSTRAINT mapokezi_namba_mkulima_fkey, nikajaribu kuingiza kilo za mkulima mpya, kisha nikaweka COMMIT. Fanya hivyo mizani ikiwa imefungwa, kwa kuwa amri hiyo ya kuondoa sharti hufunga majedwali yote mawili, linalorejelea na linalorejelewa, hadi muamala uishe.

Ndugu zangu, sharti lipo kwa ajili ya kumlinda mtu, na anayelizima bila kujua linamlinda nani anachezea riziki ya mwenzake. Kuwasha triga upya hakukagui mistari iliyoingia zikiwa zimezimwa, na VALIDATE CONSTRAINT, amri ya kukagua mistari iliyokwisha kuingia, haifanyi lolote kwa sharti ambalo tayari limeandikwa kuwa halali. Kwa hiyo, triga zikiwa ziliwahi kuzimwa, ondoa pia sharti jema lililobaki, lirudishe kwa NOT VALID (bila kukagua mistari ya zamani kwanza), safisha mistari isiyo na mwenyewe, halafu endesha VALIDATE CONSTRAINT kabla hujamwambia mwenyekiti kwamba kazi imekwisha.