Barua kwa mwanangu: mawe matano ya bibi jirani

Mwanangu, juzi kwenye simu umeniuliza watoto wa zamani wa hapa kijijini kwetu, kaunti ya Clare, Ireland, walikua wanacheza nini, maana mjukuu wangu kapewa kazi ya shule, nikasema ngoja niandike manake kwa simu nasahau nusu.

Unamkumbuka yule bibi wa nyumba ya bondeni, marehemu? Mwaka wetu wa kwanza Ireland sina hata shoga, Kiingereza chake sikipati vizuri, siku hiyo akakaa hapo mlangoni akatoa mawe matano mfukoni, anarusha moja juu, anaokota moja chini, analidaka la juu kabla halijaanguka, afu mawili mawili, mwisho anayarusha yote anayapokea kwa mgongo wa mkono. Mdako! Machozi yalinitoka mwanangu. Ila sisi Tanga tulikua tunachimba kashimo tunajaza mawe tele, wao matano tu yanawatosha.

Ikifika Oktoba ndo zile mbegu za kahawia za mti wa horse chestnut, wenyewe wanaziita conkers, ulizokua unajaza kwenye koti. Unatoboa, unapitisha kamba ya kiatu, mwenzio anaining'iniza yake we unaipiga na yako, yake ikipasuka, yako inarithi ushindi wote wa ile iliyokufa. Kuna waliokua wanaziloweka kwenye siki ziwe ngumu, hilo mi silipendi hata leo, ni kumwibia mwenzio.

Ringi za baiskeli walisukuma kwa kijiti kama sisi tu. Asiye na fimbo ya hurling, ule mchezo wao wa kupiga mpira kwa fimbo, anakata tawi lililopinda kwenye ua wa shamba. Na mpira wa kupiga na kiganja ukutani, ukuta wowote mrefu ulifaa, na GAA, chama cha michezo ya jadi ya Ireland, ilivoanzishwa 1884 mchezo huo nao ukaingizwa kwenye michezo yake.

Afu mwambie mjukuu wangu hii kazi yake si mpya. Kati ya 1937 na 1939 watoto wa shule za msingi nchi hii walitumwa na madaftari wakawaulize wazee mambo ya zamani, na michezo wanayocheza wenyewe wakaiandika, madaftari yapo mpaka leo, unayasoma bure intaneti. Bibi naye aliandika, ndo alivoniambia.

Mlete jumapili. Mawe yake alinipa mimi, yapo kwenye droo ya jikoni. Umkate kucha kwanza, zisije zikamuumiza.

Mama