Kufafanua hoja za mstari wa amri kwa makro: inachokupa na inachokuficha

Ukisoma programu ya zamani ya C inayotumia `getopt_long` (kitendakazi cha kusoma hoja), utakuta kila hoja ya mstari wa amri, yaani kile mtumiaji anachoandika baada ya jina la programu, imetajwa mahali panne: kwenye jedwali la hoja, kwenye `switch` inayoshughulikia herufi iliyosomwa, kwenye kigeugeu kinachohifadhi thamani, na kwenye maandishi ya msaada. Hakuna kinacholazimisha sehemu hizo nne zikubaliane. Kwa uzoefu wangu, maandishi ya msaada ndiyo hutangulia kuachwa nyuma, kwa kuwa kompaila haiyasomi na mwandishi wa programu, ambaye anazijua hoja zake kwa moyo, hana sababu ya kuyafungua.

Makro, yaani maagizo yanayozalisha msimbo mwingine, huondoa tatizo hilo kwa kukuruhusu uitaje hoja mara moja tu, kisha sehemu nyingine zizalishwe wakati wa kukompaili. Waandishi wa C wamefanya hivyo kwa miaka mingi kwa kuweka orodha ya hoja ndani ya makro moja na kuipanua mara kadhaa, kila mara kwa maana tofauti. Mbinu hiyo inafanya kazi, ingawa ujumbe wa kosa unaotokana nayo ni mgumu kusomeka. Mimi siku hizi hutumia lugha ya Rust na `clap`, maktaba ya kusoma hoja, ambayo tangu toleo la 3 imechukua ndani yake mtindo wa `derive`, yaani kuzalisha kisomaji cha hoja kutokana na muundo wa data, uliokuwa ukitolewa na maktaba ya `structopt`. Mfano wa programu inayosoma kumbukumbu za seva ni huu:

```rust
/// Hutafuta makosa katika kumbukumbu za seva
#[derive(Parser)]
#[command(version)]
struct Hoja {
    /// Faili la kumbukumbu litakalosomwa
    faili: PathBuf,

    /// Idadi ya nyuzi (threads) zitakazotumika
    #[arg(short, long, default_value_t = 4)]
    nyuzi: u8,

    /// Neno linalotafutwa katika kila mstari
    #[arg(short, long)]
    kichujio: Option<String>,

    /// Usichapishe maelezo ya maendeleo
    #[arg(short, long)]
    kimya: bool,
}
```

Maoni yanayoanza na mikwaju mitatu ndiyo yanayogeuka kuwa maandishi ya msaada, na aina ya kila uga ndiyo inayoamua kanuni zake. `faili` ni lazima kwa sababu aina yake si `Option` (aina ya thamani inayoweza kukosekana) wala haikupewa thamani ya msingi. `kichujio` kinaweza kuachwa. `kimya` ni swichi isiyopokea thamani. Mtumiaji akiandika `--nyuzi 300` atakataliwa kabla msimbo wako haujaanza kazi, kwa kuwa 300 haiingii katika `u8` (nambari kamili kuanzia 0 hadi 255), na programu itatoka kwa hali ya 2 (nambari ambayo programu huirudishia mfumo inapomalizika), jambo linaloziwezesha skripti kutambua kwamba amri yenyewe haikuandikwa sawasawa.

Hata hivyo, muundo huo una hitilafu, na kompaila itaupitisha bila neno lolote. `kichujio` na `kimya` vyote vinaanza na k, kwa hiyo `short` isiyotajiwa herufi itavipa vyote viwili `-k`. Anayezipa hoja zake majina ya Kiswahili atalikuta jambo hili mara nyingi, maana viambishi vya ngeli hurundika maneno mengi chini ya herufi chache. Vivyo hivyo, uga unaoitwa `hali` utagombania `-h` na msaada. Ukaguzi wa migongano hiyo hufanyika programu inapoendeshwa, tena katika ujenzi wa majaribio (debug) tu. Katika ujenzi wa kutolewa kwa watumiaji haufanyiki kabisa. Ndiyo maana katika kila programu ninayoitunza huweka jaribio lenye mstari mmoja, `Hoja::command().debug_assert()`, baada ya kuingiza `CommandFactory` ya `clap`, inayoleta `command()`. Jaribio hilo halihitaji data yoyote, na ningeshauri liandikwe siku ileile muundo wa hoja unapoandikwa.

Ushauri ninaoutilia mkazo zaidi unahusu majina. Kwa kawaida makro hulichukua jina la uga na kuligeuza kuwa jina la hoja: `idadi_ya_nyuzi` huwa `--idadi-ya-nyuzi`. Urahisi huo unapendeza mwanzoni, lakini maana yake ni kwamba jina la ndani, ambalo mtayarishaji programu anayo haki ya kulibadilisha wakati wowote, limekuwa ahadi kwa watu wa nje. Mtu anaweza kusafisha msimbo, akabadilisha `nyuzi` kuwa `wafanyakazi` kwa zana ya kihariri chake, majaribio yote yakapita, na skripti za watumiaji zikavunjika siku ya kusasisha. Kwa hiyo, programu ikishaanza kutumiwa na wengine, mimi huandika majina waziwazi: `#[arg(short = 'n', long = "nyuzi")]`. Ni maneno machache ya ziada, na mhakiki wa mabadiliko ataona mara moja kwamba kinachoguswa ni kitu cha hadharani. Ikilazimu jina libadilike kweli, `alias = "nyuzi"` italiendeleza la zamani bila kulionyesha kwenye msaada.

Jambo lingine linalofichika ni kwamba aina haisemi kila kitu. `u8` inakubali sifuri, ilhali programu yenye nyuzi sifuri haina maana; hapo huongeza `value_parser = clap::value_parser!(u8).range(1..=64)` badala ya kuandika `if` ndani ya `main`, ili kosa litolewe kwa lugha ileile na hali ileile ya kutoka kama makosa mengine. `Option<String>` nayo hupokea neno tupu kama thamani halali, kwa hiyo `--kichujio ""` si sawa na kutoitaja hoja hiyo, na ni wajibu wako kuamua kama tofauti hiyo inakufaa. Swichi ya `bool` itakataa `--kimya=true`, jambo linalowashangaza wanaotoka kwenye zana zinazoiruhusu.

Ukishindwa kuelewa makro imezalisha nini, `cargo expand` itakuonyesha msimbo uliopanuliwa. Mara nyingi, lakini, kusoma matokeo ya `--help` kunatosha, na ni haraka zaidi. Tazama hasa mstari wa matumizi ulio juu: mabano ya pembe yakizunguka jina peke yake, hoja hiyo ni ya lazima, yakiwepo ya mraba, inaweza kuachwa. Nimeona mara nyingi kwamba uga uliosahauliwa kuwekwa `Option` hujitokeza hapo kabla haujamsumbua mtumiaji.

Kwa programu inayopokea jina la faili moja na kuishia hapo, situmii makro wala maktaba. `std::env::args` inatosha, au `args_os` pale ambapo majina ya mafaili huenda yasiwe UTF-8 (usimbaji wa kawaida wa herufi) sahihi, kwa kuwa `args` husimamisha programu ikikutana na maandishi ya namna hiyo. Maktaba za kuzalisha msimbo huongeza muda wa kukompaili unaoonekana, na programu ya mistari hamsini haina sababu ya kuulipa. Hoja ya pili ikiongezeka, yenye herufi fupi na thamani ya msingi, ndipo huhamia kwenye `derive`.