Kabla hujafungua poti kwenye rauta, angalia kwanza IP ya WAN

Nilienda likizo kwa wazazi Moshi nikawafungia kamera nne, nia yangu nikirudi Dar niwe nazicheki kwenye simu. Nikaingia kwenye rauta, 192.168.1.1, nikafungua poti 8000 (poti ni kama mlango wa kupitishia data kutoka nje) kwenda kwenye DVR, kile kisanduku kinachorekodi kamera, nikasevu, nikazima nikawasha. Kimya. Siku mbili nzima nabadilisha poti, nazima fayawoli, naiseti DVR upya, mpaka mama akaniuliza mwanangu hizo kamera zina nini mbona hulali.

Kumbe setingi zangu zilikuwa sawa kabisa. Kwenye ukurasa wa status wa rauta, IP ya WAN, yaani namba ambayo rauta inapewa upande wa intaneti, ilianza na 100.72, nikaiona nikapita tu. Sasa shika hii: WAN ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, au inaanza na 10, basi mara nyingi kampuni ya intaneti imewarundika wateja wengi nyuma ya IP moja, wenyewe wanaita CGNAT, ni kama uko nyumba ya kupanga umefungua mlango wa chumba chako lakini geti limefungwa na ufunguo anao mwenye nyumba. Hapo hata ukeshe wiki. Wapigie uwaombe public IP, yaani IP yako mwenyewe inayofikika moja kwa moja kutoka intaneti, kuna wanaotoa kwa kulipia kila mwezi, mimi nililipia.

Ukishaipata, ifungie DVR IP yake kwenye DHCP, ile sehemu ya rauta inayogawa IP za ndani, kwa kutumia MAC yake, namba ya utambulisho ya kifaa, la sivyo umeme ukikatika ukarudi inaweza kupewa namba nyingine na poti yako ikawa inaelekea hewani. Na ukijaribu tumia bando la simu, zima waifai kabisa, maana rauta nyingi hazikubali utoke nje halafu urudi ndani humo humo.

Ila jamani, paswedi! Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na DVR kibao kwa kujaribu tu paswedi za kiwandani, na hizi ni kamera zinazoangalia mlango wa mama yako. Mimi nikaifunga ile 8000, nikaweka WireGuard, ni VPN, njia ya siri ya kuingia mtandao wa nyumbani kwa ufunguo, nikaacha poti moja tu, 51820, na hiyo kwenye rauta chagua UDP, ukiweka TCP (hizo ni njia mbili tofauti za kusafirisha data) haitafanya kazi. Halafu ukiipima kwenye zile tovuti za kucheki poti itakuambia imefungwa, usihangaike, nyingi zinapima TCP na WireGuard yenyewe haimjibu mtu asiye na ufunguo.