Maswali ya Wasomaji: Wapumbavu Wawili Warudi Kochini

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Dallas. Nilipofika Marekani miaka ya 1990, vijana niliokaa nao hawakukosa Beavis and Butt-Head, katuni ya wavulana wawili wanaocheka kila neno linaloweza kugeuzwa tusi. Sasa mwanangu wa sekondari anaangalia vipindi vipya vya katuni hiyo hiyo, na wadogo zake wanachungulia. Imewezekanaje kuurudisha ucheshi mchafu namna ile katika zama hizi za watu wepesi kukasirika? Je, wameupunguza makali? — Mama wa watatu

JIBU: Mama, tumepokea salamu zako. Makali hayakupunguzwa sana. Kilichobadilishwa ni dunia inayowazunguka wavulana wenyewe. Mike Judge, aliyewabuni na ambaye hadi leo ndiye anayewatia sauti wote wawili, hakuwaongezea akili wala hakuwapa dhamiri, na kwa maoni yetu hilo ndilo lililoiokoa kazi yake.

Katuni ilianza kuonyeshwa MTV, kituo cha televisheni cha muziki cha Marekani, mwezi Machi 1993 na ikakoma Novemba 1997. Jaribio la kwanza la kuifufua, mwaka 2011, liliishia msimu mmoja. Kisha Juni 2022 ikatoka filamu ya Beavis and Butt-Head Do the Universe katika Paramount+, huduma ya kutazama filamu na vipindi mtandaoni, ikafuatiwa na mfululizo mpya mwezi Agosti, na mwaka 2025 vipindi vipya vikahamia kituo cha televisheni cha Comedy Central.

Filamu hiyo inalijibu swali lako vizuri kuliko sisi. Wavulana wanarushwa kutoka mwaka 1998 hadi 2022, wanajikuta katika darasa la chuo kikuu, na humo wanaelezwa kwamba wanaume Wazungu hupata upendeleo katika jamii. Wao wanaelewa kuwa wameruhusiwa kufanya lolote, basi wanatoka na kujifanyia watakavyo. Mtazamaji anayeiunga mkono hoja ya darasani atacheka, na anayeibeza atacheka pia, kwa kuwa anayechekwa ni yule aliyesikiliza asielewe kitu. Tangu mwanzo wavulana hawa hawakuwekwa juu ya mtu yeyote ili wamdharau kwa haki: hawana mpenzi, hawana fedha, na kila mpango wao unawaangukia wenyewe. Ucheshi mwingi wa miaka ile ulizeeka vibaya kwa sababu ulimtaka mtazamaji asimame upande wa mwenye kutukana, jambo ambalo Judge hakulitaka.

Utajiri wa ufufuo huu, hata hivyo, umo kochini. Zamani sehemu kubwa ya kipindi ilikuwa ni wao kukaa mbele ya televisheni na kuzikejeli video za muziki, na haki za nyimbo hizo zimefanya vipindi vingi vya zamani vitolewe upya bila sehemu hizo, hasara ambayo mashabiki wanailalamikia hadi leo. Siku hizi, pamoja na video za muziki, wanaangalia pia za YouTube na TikTok. Kujirekodi ukitoa maoni juu ya video ya mwenzako sasa ni kazi inayowalipa watu mtandaoni, na wapumbavu hawa waliifanya miaka 30 iliyopita bila malipo, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuwalazimisha waingie katika zama mpya. Visa vinavyowaonyesha wakiwa watu wazima, miili imechoka na akili iko pale pale, vina uchungu ambao kipindi cha zamani hakikuwa nao. Mapacha wao wenye akili kutoka ulimwengu mwingine, ambao nao wamo katika ufufuo huu, kwa upande wetu wanachosha upesi.

Kuhusu wadogo wanaochungulia, wasiwasi wako una historia. Oktoba 1993, huko Ohio, mtoto wa miaka mitano aliwasha moto uliomuua mdogo wake, na mama yao akakilaumu kipindi hiki, ambamo Beavis alikuwa akishangilia moto kila mara. MTV ilikisogeza hadi saa za usiku zaidi na kuondoa maneno yanayohusu moto. Paramount+ haina saa za usiku wala mchana, hivyo hatua ile haiwezi kurudiwa; iliyopo ni sehemu ya akaunti inayokuwezesha kuweka nambari ya siri kwa vipindi vya wakubwa. Iweke wewe mwenyewe, mama, wala usimwachie kaka yao.