Rangi ya maji kwenye gari, mliozoea tina someni hapa

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kupiga rangi magari, rangi ya maji, yaani ile inayozimuliwa kwa maji badala ya tina, haiendi na haraka ya rangi ya tina. Tina inaruka yenyewe, maji hayaondoki mpaka upepo upite juu ya bati, na huku Mwanza masika yakishika hewa yenyewe imeshalowa.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Noah ya silva, mlango na fenda, gereji Nyakato, mvua imenyesha tangu asubuhi na mteja anapiga simu kila saa, nikapiga rangi mikono miwili nikaona imeshika nikamwagia kliya, ile ya juu isiyo na rangi inayoleta mng'ao. Siku chache baadaye mlango umejaa vipele, nikausugua wote upya kwa hela yangu.

Siku hizi nautazama mng'ao tu. Rangi ikiwa mbichi inang'aa, ikikauka inakuwa butu kote, sasa wewe inama uangalie kwa pembeni hasa pale chini ya kitasa, ukiona hata kidoa kinang'aa bado maji yapo, elekeza upepo wa kompresa kwa ulalo usubiri. Ukiweka joto bila upepo unajichosha. Na huo upepo uwe mkavu jamani, toa maji kwenye tenki la kompresa kila asubuhi. Jioni msipige kabisa, taa zikiwaka wale wadudu wa ziwani wanakuja kama moshi na wote wanatua kwenye kliya.

Usiizimue kwa tina, itaganda kama mtindi. Bunduki iwe ya njia zisizoshika kutu, na bati ulifute mafuta kweli kweli maana rangi hii inakimbia grisi inaacha vishimo.

Kinachoniuma ni vijana kuvua barakoa eti ni maji. Ulaya kuanzia 2007 sheria iliwabana, rangi ya juu ya kurekebishia gari isizidi gramu 420 za kemikali zinazoruka kwa lita, ndio maana wengi wakahamia maji, lakini kliya unayopiga juu bado ina hadna, ile dawa ya kuikaza, yenye kemikali ya isosayanati, hiyo inaharibu mapafu na pumu yake haiondoki kirahisi. Vaa barakoa ya mkaa, ya kitambaa haizuii kitu.

Maji ya kuoshea bunduki nayo msimwage mtaroni, mitaro ya mjini inaingia mto Mirongo na Mirongo unamwaga ziwani tunakovua sato. Mimi nayaweka kwenye dumu lake, mbali na la tina.