Usiniulize mbio, niulize uniti

Barua za magari ya umeme safari hii ni nyingi, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniandikia anatembea kilomita ngapi kwa siku. Rangi mmeandika.

Nimepata Nissan Leaf ya umeme, betri ya uniti (kilowati-saa) 40, kutoka Japani. Tangazo linasema inakwenda kilomita 400. Nairobi hadi Mombasa si nitachaji mara moja tu njiani? (Msomaji, Kasarani)

Thubutu. Hiyo 400 ni kipimo cha zamani cha Kijapani, JC08, cha maabara na mwendo wa kubembeleza. Gari hilohilo kwa kipimo cha Ulaya, WLTP, lilipata 270, na kipimo cha Wamarekani kikatoa 243. Sasa lako ni la mtumba: betri ikiwa imebaki na asilimia 85 ya nguvu zake, hizo 243 zinakuwa kama 205. Safari yako ni karibu kilomita 480. Kwenda, panga kusimama mara mbili, na usingoje asilimia 3 ndipo uanze kutafuta chaja. Tena ukague tundu: Leaf yako inatumia tundu la aina ya CHAdeMO kwa chaji ya haraka, na vituo vipya vingi vinawekewa plagi za CCS2 au GB/T kwa ajili ya magari ya Ulaya na China. Kufika kituoni ukakuta waya hauingii ni aibu ambayo mwandishi huyu anaijua.

Kurudi ndiko kwenye kazi. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Kulipandisha gari la tani 1.7, pamoja na nyie mliomo, hadi kimo hicho kunakula karibu uniti 8, mbali na zile za kusukuma upepo na kuzungusha tairi. Moja ya tano ya betri ikiwa mpya imeliwa na mlima usiouona. Ukikanyaga 110 badala ya 80, upepo nao unakusukuma nyuma kwa nguvu inayokaribia mara mbili. Basi la usiku lingekufikisha umelala.

Gari lipi la umeme linachomoka sana na bado linakwenda mbali? (Msomaji, Mikocheni)

Swali hili naletewa kila mwezi. Chukua Hyundai Ioniq 5 zenye betri ya uniti 84. Ya kawaida, inayosukumwa na tairi za nyuma, inafika kasi ya kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 7.5 na WLTP yake inafika kilomita 570. Ioniq 5 N, betri ya uniti zilezile, inafika 100 kwa sekunde 3.4, lakini WLTP ni 448. Kilomita 122 zimekwenda kwenye mota ya pili, tairi pana na rimu kubwa, hata siku ambayo hushindani na mtu. Na utashindana wapi, kati ya tuta na tuta? Mbio za sakafuni hizo. Hata Leaf ya kawaida itakuchomoa kwenye taa kabla daladala haijapiga honi.

Mvua ikinyesha, gari la umeme halipigi shoti?

Halipigi. Mafuriko usiingie, na la petroli usiingie nalo pia.

Fundi anataka kunifungia chaja ya ukutani ya kilowati 7 kwa ajili ya Leaf yangu ya Japani. Nilipe? (Msomaji, Nyali)

Kwanza muulize fundi chaja iliyomo ndani ya gari lako inapokea kiasi gani. Leaf nyingi za soko la Japani zinapokea kilowati 3 tu. Ya 6 ilikuwa ya kuongezewa pesa. Ukutani weka hata 20, gari litanywa 3 zake. Nawe kama unatembea kilomita 50 kwa siku, unatumia kama uniti 8, ambazo zinarudi kwa saa tatu hivi ukiwa umelala. Pesa ya chaja kubwa mlipe fundi umeme mwenye leseni akukagulie waya wa nyumba na ethi, ule waya wa kwenda ardhini. Na usichaji kwa ekstensheni ya dukani. Nimeona moja imeyeyuka.

Dashibodi inaonyesha vipande vyote 12 vya afya ya betri, na gari ni Leaf ya 2013. Ni bahati yangu? (Msomaji, Tabata)

Ni bahati ya dalali. Kumbukumbu ya betri inaweza kufutwa kwa kifaa, vipande vikarudi 12, kisha baada ya wiki kadhaa vikaanguka kimoja kimoja ukiwa umeshalipa. Leaf za miaka hiyo hazina mfumo wa kupoza betri kwa maji, na joto linaziumiza. Ya umri huo kuwa kamili ni ajabu. Chaji hadi 100, endesha kilomita 40 na muuzaji kiti cha pembeni, uone asilimia ngapi zimeshuka. Akikataa safari hiyo, umeshajibiwa.

Nichaji hadi 100 kila siku?

BYD yenye betri ya Blade, ndiyo, haina shida. Leaf, ishia 80 siku za kawaida, ujaze kabla ya safari.

Tairi la akiba liko wapi? Nimelitafuta buti nzima.

Halipo. Una pampu ndogo na gundi ya kuzibia, basi. Nunua rimu moja na jeki kabla ya kwenda shamba, na ukubali kwamba nusu ya buti imekwenda.