Barua kwa mwanangu: safari ya Svalbard ianze na kuchagua mwezi wa kwenda

Mwanangu Baraka,

Nimeusoma ujumbe wako, kisha nikampa mama yako naye ausome. Unasema wewe na wenzako watatu mmeweka akiba ya kwenda Svalbard, visiwa vya Norwe vilivyo kaskazini kabisa, na unauliza kama mnunue nafasi kwenye meli ya watalii au mtafute watu wa kuwapangia safari yenu wenyewe.

Mpangiwe yenu. Unajua kazi iliyokulipia karo: kukaa ofisini hapa mjini nikiwapangia wageni safari za Mara, Samburu na Turkana, kila mmoja kwa alivyotaka. Safari nyingi zilizoharibika ziliharibikia pale pale mezani, mgeni alipoanza na bei au na picha aliyoiona mahali, bila kujiuliza anakwenda kuona nini.

Nanyi bado hamjaelewana. Wewe unataka theluji na mbwa wa kuvuta sleji, mwenzako wa kamera anataka ndege wa baharini. Hizo ni safari mbili. Machi na Aprili nchi yote imefunikwa theluji ngumu, na watu hutoka Longyearbyen, mji mkubwa wa visiwa hivyo, kwa sleji au pikipiki za theluji, maana hakuna barabara inayounganisha mji huo na mwingine. Nyuzi 15 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, na upepo ukivuma baridi huuma zaidi. Julai na Agosti mtatembea kwa boti, na mwezi Julai majabali kama Alkefjellet huwa yamejaa ndege hao maelfu kwa maelfu. Tena kuanzia karibu tarehe 20 Aprili hadi karibu tarehe 22 Agosti jua halizami kabisa. Mimi ningewashauri mwanzo wa Aprili, kwa kuwa jua bado linazama na mtu aliyekulia Nairobi atapata usingizi. Lakini kaeni nyote wanne mkubaliane kabla ya kuandikia kampuni yoyote.

Mkishapata mwezi, tafuteni mtu. Hili nataka ulishike sana. Kampuni utaiona kwenye risiti tu, ila kiongozi ndiye mtakayekaa naye kibandani na kumtegemea hali ya hewa ikichafuka. Ulizeni jina lake, amefanya kazi Svalbard majira mangapi, amefunzwa bunduki wapi, na kama atabeba simu ya setilaiti. Nje ya makazi, sheria inamtaka kila msafiri awe na njia ya kumfukuza dubu mweupe. Na tangu Januari 2025 huruhusiwi kumkaribia dubu chini ya mita 300, na kati ya tarehe 1 Machi na 30 Juni umbali ni mita 500. Mwambie mwenzako wa kamera mapema. Kiongozi akiwaahidi dubu wa karibu, huyo achaneni naye.

Nikupe mfano wa mtu ninayemtaka. Mara moja nilikuwa garini na wageni, mto Talek umefurika, kambi iko ng'ambo, giza linaingia. Wageni wakamsihi dereva avuke. Alishuka bila kubishana, akachomeka kijiti ukingoni mwa maji, akasimama akikitazama. Kijiti kilipozama aligeuza gari, tukalala kambi nyingine. Wageni walinuna, naye hakuomba radhi. Mtu wa namna hiyo mlipeni anachotaka.

Ongezeni siku mbili zisizo na ratiba, moja mwanzo na moja mwisho. Ndege za kule huchelewa kwa sababu ya hali ya hewa, na safari iliyobanwa siku hadi siku humsukuma kiongozi kwenda mahali ambapo asingekwenda.

Sasa karatasi. Svalbard yenyewe haidai viza, lakini haimo ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na ndege za kwenda huko hupitia Norwe bara. Mtaingia Schengen, mtatoka, kisha mtaingia tena wakati wa kurudi. Kwa hiyo ombeni viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Mkipewa ya mara moja mtakwama njiani mkirudi, na hakuna wa kuwasaidia kaunta ya uwanja wa ndege. Bima ya viza inadaiwa iwe ya euro 30,000 angalau, lakini hiyo haitoshi. Tafuteni inayotaja wazi gharama za kutafutwa na kuokolewa nyikani. Hospitali ya Longyearbyen ni ndogo, na mgonjwa mahututi husafirishwa kwa ndege hadi mji wa Tromsø, Norwe bara.

Nguo msikimbilie madukani. Suti nzito na buti hutolewa na waandalizi wengi, ulizeni tu. Za ndani tafuteni kwenye soko la mitumba la Gikomba, asubuhi mapema marobota yakifunguliwa. Soma lebo, iwe sufu tupu, kisha inua sweta juu ya mwanga utazame kama nondo wameitoboa. Pamba iacheni nyumbani, ikilowa jasho haikauki na mwili unapoa.

Kuna jambo moja ningependa mliweke kwenye ratiba kwa ajili yangu. Juu ya uwanja wa ndege wa Longyearbyen kuna ghala la mbegu za dunia, limechimbwa ndani ya mlima, mbegu zikihifadhiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Lilipofunguliwa Februari 2008, Wangari Maathai alikuwepo, na yeye pamoja na waziri mkuu wa Norwe waliweka mbegu za kwanza. Wageni hawaingii ndani, lakini mlangoni mnaweza kufika. Mama huyo wa msitu wa Karura, aliyesimama mbele ya watu wenye rungu kwa ajili ya miti yetu, alifika pale kabla yenu. Nikiliwaza hilo najawa na fahari, na nataka nawe usimame hapo.

Wenzako wakishaamua mwezi, andikieni waandalizi watatu barua moja ile ile, kisha nitumie majibu yao yote. Malipo ya awali msitume kabla sijasoma masharti ya kughairi.

Baba yako